Mheshimiwa Ametaga

Paliondokea nchi, na mpaka leo haijaondoka, iitwayo Jamhuri ya Sawasawa. Ukiitafuta kwenye ramani hutaiona, maana mchora ramani alipofika mpakani aliambiwa asubiri kidogo, na bado anasubiri. Lakini ukiishi humo utaijua tu. Habari za asubuhi? Sawasawa. Maji yamekatika? Sawasawa. Paa limeruka? Sawasawa, tunahesabu nyota. Neno hilo limeandikwa kwenye bendera, kwenye mihuri, na kwenye milango ya vyoo vya Ikulu, cha wanawake na cha wanaume, ndiyo maana watu wazima hugongana humo kila siku na kuombana radhi.

Mimi naitwa Siwema. Nimesoma mpaka darasa la saba, na darasa lenyewe nilikaa nyuma karibu na dirisha, kwa hiyo elimu yangu kubwa ni ya kutazama nje. Miaka sita nilikuwa kibarua wa kufagia ua wa Ikulu. Kila Ijumaa niliachishwa kazi kwa heshima zote, na kila Jumatatu niliajiriwa upya. Nilichokuwa nangoja ni barua moja tu, barua ya kuthibitishwa kazini.

Msije mkadhani nilitaka ukubwa. Nilitaka chai ya maziwa.

Pale Ikulu, saa nne asubuhi, hupita Mama Sihaba mpika chai na mabirika mawili. Birika kubwa ni la chai ya maziwa, ya wenye barua. Birika dogo ni la chai ya rangi, ya vibarua. Ana orodha mfukoni lakini haitoi. Yeye hutazama miguu. Wenye barua wana viatu vinavyolia.

"Rangi yako hiyo, mwanangu," huniambia akinimiminia. "Ng'ombe wako wewe bado hajazaliwa."

"Sawasawa, Mama."

"Sawasawa, sawasawa! Siku utakayosema neno jingine mimi nitaanguka na birika."

Alikuwa na haki. Nina ugonjwa mmoja: nikiona kitu nakitazama mpaka nakijua, na nikishakijua nanyamaza. Watu wa kwetu huuita ugonjwa huo hekima. Mimi niliye nao nalijua jina lake la nyumbani: ni woga uliojifunga khanga mbili.

*

Sasa mwaka huo nchi jirani, tunayoiita Ng'ambo kwa sababu iko ng'ambo ya mto, ilituletea zawadi ya urafiki: jozi ya chiriku wa kufugwa ndani ya tundu zuri la fito. Ndege wenyewe wadogo, mmoja hajai kiganja. Lakini hawakufanana hata kidogo. Mmoja alikuwa na mashavu ya rangi ya chungwa, kifua cha mistari kama daftari la hesabu, ubavu mwekundu wa matofali ulionyunyiziwa nukta nyeupe, na mdomo kama pilipili iliyoiva. Mwenzake alikuwa kijivu. Kijivu cha kawaida, kijivu cha jivu la jana, na mdomo wa rangi ya papai lisilokolea.

Tundu lilikuja na barua ya maelezo. Iliandikwa kwa Kiswahili, maana Ng'ambo wanasema Kiswahili kama sisi. Lakini utaratibu ni utaratibu: barua yoyote ya nchi ya nje lazima ipitie Ofisi ya Tafsiri. Wafasiri wakaifasiri, wakaona tafsiri inafanana na barua yenyewe neno kwa neno, wakaogopa kwamba wamekosea, wakaanza upya. Barua ikabaki huko.

Kwa hiyo iliitishwa Kamati ya Majina. Mwenyekiti alikuwa Bwana Mahimbo, Mkurugenzi wa Itifaki, mtu aliyezoea kukohoa kabla ya kila neno ili neno lijiandae. Mtaalamu alikuwa Profesa Lwidiko, aliyekaa ughaibuni miaka kumi na minne akisomea ndege, na alirudi anamjua kuku.

"Ndege mmoja atabeba jina la Kiongozi Mkuu, ataitwa Mheshimiwa," alisema Bwana Mahimbo. "Mwingine atabeba la mkewe, ataitwa Mama. Profesa, dume yupi hapa na jike yupi?"

Profesa alilizunguka tundu mara tatu. Alivaa miwani, akavua miwani, akaitazama miwani.

"Wahenga walisema nini?" aliuliza. "Mke ni nguo, mgomba kupalilia. Haya. Kiongozi wetu Mkuu huvaa nini?"

"Suti ya kijivu."

"Na mkewe?"

"Ah, mama yule! Kila rangi, Profesa. Na mashavu hupaka."

"Basi sayansi imeshasema."

Hapo mimi nilikuwa ninafagia chini ya meza yao. Kwetu tulifuga kuku. Jogoo ndiye mwenye mkia wa kumeremeta na upanga mwekundu kichwani. Mtetea anafanana na vumbi analolichakura, ili kunguru asimwone akilalia. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Mdomo ukanifunguka. Bwana Mahimbo akaniona.

"Wewe binti," alisema, "inua mguu. Umekanyaga muhtasari."

Nikainua mguu. Na mdomo nikaufunga nao, kwa kuwa vilikuwa vinakwenda pamoja. Sikuulizwa.

*

Majina yakatangazwa kwenye gazeti la serikali, na kitu kikishaandikwa humo hakibadiliki, hata kama ni kosa la chapa. Kuna wilaya nzima kwetu inaitwa Ukurasa wa Nne.

Kazi ya kuwalisha ilitangazwa kwa wenye shahada tatu. Wakaja, wakaona kwamba kuna na kufagia chini ya tundu, wakakumbuka wana shughuli. Nikapewa mimi, kibarua vilevile. Pamoja na kazi nikapewa kitabu cha adabu chenye kurasa arobaini, kinachofundisha jinsi ya kumtaja ndege mwenye jina la mkubwa. Mheshimiwa hali ulezi, anashiriki chakula cha kazi. Mheshimiwa haogi, anakagua maji. Na kile ambacho ndege yeyote hudondosha chini ya fimbo anayosimamia, Mheshimiwa hadondoshi. Mheshimiwa anatoa maoni.

Kwa hiyo kila asubuhi mimi nilikusanya maoni. Nilikuwa na ufagio wa maoni na ndoo ya maoni. Redio ilitangaza kwamba mwaka huu maoni yaliyokusanywa ni mengi kuliko wakati wowote katika historia, na kwamba yote yamefanyiwa kazi. Ni kweli. Niliyamwaga kwenye mchicha.

Kitu kimoja tu kiliwasumbua wakubwa. Mama, yule wa mashavu, aliimba kutwa. Alimrukia mwenzake fimbo hadi fimbo, akajitunisha, akayumbisha kichwa kama mpiga zumari. Mheshimiwa wa kijivu hakuimba hata mara moja. Alikaa akamsikiliza kwa jicho moja, kama msichana anayejua kwamba posa bado haijatosha.

"Mbona Mheshimiwa yu kimya?" Bwana Mahimbo aliuliza.

"Busara," alisema Profesa. "Ajuaye hasemi."

Nikatikisa kichwa kukubali, kwa sababu maneno hayo yalinifaa na mimi.

Siku ya tisa Mama alimpanda Mheshimiwa mgongoni, mchana kweupe, mbele ya wageni wa Wizara. Bwana Mahimbo alikohoa mara nne.

"Mnaona, ndugu wageni," alisema, "jinsi Mama anavyomuunga mkono Mheshimiwa."

"Anamuunga mgongo," alisema Mama Sihaba, akapita na birika lake.

*

Siku ya kumi na tatu nilikwenda ofisini kwa Bwana Mahimbo. Nilikuwa nimezunguka ua mara mbili nikitafuta neno, na kitabu cha adabu hakikuwa nalo.

"Shikamoo, Bwana Mkurugenzi."

"Marahaba. Maoni yapo?"

"Yapo, ya kawaida. Ila Mheshimiwa..."

"Mheshimiwa nini?"

"Mheshimiwa ametaga."

Bwana Mahimbo alikaa chini. Kiti kilikuwa upande wa pili.

"Rudia kwa adabu," alisema kutoka sakafuni.

"Mheshimiwa ametaga, tafadhali."

Kamati ikaitwa mbio. Wakaingia mmoja mmoja kuchungulia kiotani, wakatoka wameshika vifua. Yai lilikuwepo, jeupe, dogo kama ncha ya kidole changu cha mwisho. Profesa alitoa hoja kwamba yapo mayai ya kiume, ila hayajachunguzwa kwa sababu ya ukosefu wa vifaa. Mjumbe mmoja aliuliza kama halikuwa yai la upinzani. Baada ya saa tano walifikia neno: Mheshimiwa amezindua mradi.

Akazindua mingine mitatu, kila asubuhi mmoja. Kisha akaikalia.

"Ameatamia," nilisema, nikajikamata mdomo.

Lakini Bwana Mahimbo aling'aa uso kwa mara ya kwanza wiki ile. "Neno hilo liacheni libaki. Ni la uongozi. Kiongozi Mkuu mwenyewe ameatamia daraja la mto miaka kumi na miwili. Waziri wa Elimu anaatamia madawati. Mimi hapa nina faili nimeziatamia tangu sijaota mvi. Ndege huyu ana kipaji."

Wasilolitazama ni kwamba walikuwa wanapokezana. Mama wa mashavu akichoka kuimba, alikwenda kiotani, Mheshimiwa akatoka kunyoosha bawa na kula, kisha akarudi. Mayai hayakupoa hata mara moja. Nililijua hilo kwa sababu kutwa nzima nilikaa pale. Ni kazi niliyoiweza kuliko zote duniani: kukaa na kutazama mtu mwingine akikaa.

*

Siku mbili kabla ya mayai kutimiza muda ikaja habari: Balozi wa Ng'ambo anakuja kuwajulia hali ndege wa zawadi, na Kiongozi Mkuu atampokea mwenyewe. Bwana Mahimbo alikwenda mbio Ofisi ya Tafsiri kuiona ile barua. Walikuwa bado wanahakiki, ila walimruhusu kusoma mstari mmoja, ule unaosema dume ni yupi. Alirudi amekuwa rangi ya Mheshimiwa.

Aliniita. Mezani palikuwa na karatasi imegeuzwa chini. Akaigeuza. Ilikuwa barua yangu. Jina langu, muhuri, kila kitu. Ilikosa sahihi tu.

"Siwema, binti yangu," alisema. Kabla ya siku hiyo sikuwa binti wa mtu pale. "Una mikono miepesi na mdomo mzito. Balozi atakuja keshokutwa saa nne. Mpake Mheshimiwa mashavu na kifua. Mama mpake majivu, awe kijivu. Ukimaliza, barua hii itapanda juu kwa sahihi. Unaonaje?"

Alisema "unaonaje" kama watu wanavyosema "hodi" wakiwa wameshaingia.

Mimi nilijua vizuri. Ndege anayelalia ukimkamata, ukamgeuza, ukampaka rangi, harudi kiotani. Yale mayai manne yangekuwa kokoto kabla ya adhuhuri, na ndani yake tayari kulikuwa na kitu: nilikwisha kuyamulika kwa jua, nikaona vijishipa vyekundu kama nyuzi. Nilijua yote. Na hapo hapo nilinusa maziwa.

"Sawasawa," nilisema.

Msije mkanitungia wimbo. Nilisema sawasawa, tena haraka.

Asubuhi ya pili nikakoroga hina na maji ya ndimu, nikachukua majivu kwenye kopo, nikasimama mbele ya tundu. Mheshimiwa akanitazama kwa jicho moja. Ndege hukutazama kwa jicho moja tu. La pili huuwekea mkono wako. Nikanyoosha mkono, ukagoma. Nikajisemea, Siwema, labda rangi haijakolea, ijaribu kwanza. Nikajipaka shavu la kushoto. Nikaona halijakaa sawa, nikapaka na la kulia. Nikangoja ikauke. Nikangoja tena. Kungoja ndiko kipaji changu, na siku ile nilikitumia chote, mpaka jua likazama na hina ikashika.

Hina haioshwi kwa sabuni. Wala kwa ndimu, wala kwa mchanga. Niulizeni mimi.

*

Saa nne ya siku iliyofuata waliingia wote. Kiongozi Mkuu alikuja na suti yake ya kijivu na mkewe kavaa bustani nzima. Balozi alikuwa mwanamke mtu mzima, Bi Tausi, mchangamfu, mwenye fimbo ya kutembelea. Mimi nilisimama kando ya tundu, mashavu ya chungwa, kopo la majivu nyuma ya mgongo. Bwana Mahimbo aliniona mimi kwanza, kisha ndege, wote wawili kama walivyoumbwa, na akatoa sauti ambayo haimo kwenye kitabu cha adabu.

"Lo! Hongereni!" alisema Bi Tausi. "Jike analalia! Na dume mwenyewe, tazameni mashavu yale, mzima kabisa. Mmewatunza."

Mama wa tunduni aliacha kuimba.

"Jike yupi?" aliuliza Kiongozi Mkuu, polepole.

"Si huyu wa kijivu, mheshimiwa. Anaitwaje?"

Bwana Mahimbo alikohoa mara saba. Bi Tausi alinigeukia mimi, akanitazama usoni kwa muda. "Na wewe mwanangu, kwenu mnamfanyia nini huyu dume? Mnamuiga?"

"Ninamjaribia rangi, Bibi," nilisema.

Kiongozi Mkuu alinisogelea. Kwa karibu alikuwa mtu mfupi mwenye macho yaliyochoka.

"Wewe ulikuwa unajua huyu ni jike?"

"Ndiyo, mkuu."

"Tangu lini?"

"Tangu chini ya meza. Siku ya majina."

"Na hukusema kwa nini?"

"Sikuulizwa."

Bwana Mahimbo aliruka mbele. "Ameatamia taarifa! Mkuu, kibarua huyu ameatamia taarifa ya serikali, hali hana cheo cha kuatamia!"

Shtaka hilo lina kifungo kwetu. Na ndipo likasikika: ti. Ti, ti. Kutoka kiotani.

"Nini hicho?" aliuliza Kiongozi Mkuu.

"Mradi, mkuu," nilisema. "Unakamilika."

Pale ndani hapakuwa na mtu aliyewahi kuona mradi ukikamilika. Profesa alivua miwani. Mpiga tarumbeta wa Ikulu alitazama kulia na kushoto, maana wimbo wa kuzindua anaujua lakini wa kumaliza hajawahi kufundishwa. Mheshimiwa alisogea, na chini ya kifua chake kikachomoza kichwa cha rangi ya waridi, kipofu, kikitikisika kwa njaa.

Bi Tausi alipiga makofi. Na kwa kuwa mgeni amepiga makofi, wote wakapiga.

"Huyu binti," alisema Kiongozi Mkuu kwa sauti ya kusikika na Balozi, "asifungwe. Kuatamia ni kazi ya wenye barua. Mpeni barua." Na akaitia sahihi hapo hapo, juu ya mgongo wa Bwana Mahimbo.

*

Gazeti la serikali halibadiliki, kwa hiyo iliongezwa taarifa ndogo: Mheshimiwa ataendelea kuwa dume kama ilivyotangazwa, ila kwa sasa ni Kaimu Jike. Mama ni Kaimu Dume. Ofisi ya Tafsiri nayo ikamaliza kazi; barua ilirudi, neno kwa neno vilevile, na wafasiri walipewa likizo ya kupumzisha akili.

Makinda wakaota manyoya. Wote wanne, kijivu. Mdomo mweusi, mkia mfupi, huwezi kumjua huyu na yule. Kamati ilipokuja kuwatazama, Bwana Mahimbo alitokwa na machozi.

"Hawa ndio Wasawasawa halisi!" alisema. "Tofauti zilitoka ng'ambo na wazazi. Waliozaliwa katika ardhi yetu hawana dume wala jike. Sawasawa!"

"Sawasawa!" wakaitikia wote, na mimi nikiwamo, maana sasa nilikuwa na viatu vinavyolia.

Akaninong'oneza mlangoni: "Barua yako itadumu maadamu hao wamedumu hivyo. Kinda likianza kuwa na rangi, paka majivu. Kopo unalo."

Nilijua makinda wa chiriku hawabaki hivyo, kama vile vifaranga wa kuku hawabaki. Lakini saa nne ilikuwa imefika. Mama Sihaba alinimiminia kutoka birika kubwa, akanitazama nikinywa. Chai ya maziwa ilikuwa na utando juu na ladha ya moshi. Siku ya kwanza nilijiuliza, ndiyo hii tu? Siku ya pili nilikuwa nimeizoea. Wiki ya tatu nililalamika kwamba maziwa ni machache.

*

Wiki ya saba nikaona doa.

Lilikuwa shavuni mwa kinda mdogo kuliko wote. Doa la chungwa, dogo kama punje ya mtama. Nikalowesha kidole kwa mate nikamfuta, kama unavyomfuta mtoto aliyetoka kula embe. Halikufutika. Na yule mdogo alikuwa ameanza kuimba, kama ni kuimba: sauti ya bawaba kavu, analiokota neno la baba yake, analiangusha, analiokota tena.

Nikachukua kopo. Nataka mlijue hilo, kwa sababu kama ningeliruka mngeniona bora kuliko nilivyo. Nikampaka majivu shavuni, yakamwingia na jichoni. Akapiga chafya. Chafya ya ndege mngeisikia.

Nilipoondoka, baba yake, yule anayeitwa Mama, alishuka akamsafisha kwa mdomo, unyoya kwa unyoya, mpaka shavu likang'aa kuliko mwanzo. Kesho yake nikampaka tena. Akamsafisha tena. Siku ya tatu vilevile. Mimi nilikuwa na cheo, barua na viatu. Yeye alikuwa Kaimu. Na yeye alikuwa anashinda.

Siku ya nne niliingia, yule mdogo alikuwa kwenye fimbo ya juu anahangaika na wimbo wake. Aliuona mkono wangu. Akanyamaza. Akajibana ukutani mwa tundu, kifua chini, macho kwangu, anangoja yapite.

Nikamtambua. Mkao ule naujua. Nimeukaa tangu darasa la saba.

Nikaliweka kopo chini, nikaenda ofisini kwa Bwana Mahimbo. Viatu vililia njia nzima, kila mtu akajua napita.

"Shikamoo, Bwana Mkurugenzi. Sijaulizwa."

"Basi usiseme," alisema, bila kuinua kichwa.

"Nasema. Yule mdogo ni dume. Ana doa la chungwa shavuni tangu Jumatatu. Mwingine nyuma yake ameanza mistari kifuani, wiki ijayo mtaiona wenyewe. Wawili ni majike, hao watabaki kijivu. Na Mheshimiwa ni jike, si kaimu. Yule mdogo nimempaka majivu siku tatu, sipaki tena."

Alikohoa, lakini neno halikuja. Akakohoa tena.

"Unaijua maana ya barua yako, binti?"

"Naijua. Hii hapa." Niliitoa kifuani ilikokuwa inakaa, nikaiweka mezani. Nisiwadanganye kwamba niliiweka kwa nguvu. Mkono uliiacha kidole kimoja kimoja.

*

Tume iliundwa kuchunguza lile doa. Ilikaa siku kumi na moja, ikatoa ripoti nene kuliko tundu lenyewe, kwamba rangi ya chungwa ni kijivu kilichochangamka. Kwa hiyo nchi imebaki sawasawa, makinda wakaachiwa mashavu yao, na kopo la majivu likarudishwa jikoni kusugulia masufuria.

Mimi niliachishwa kazi Ijumaa kwa heshima zote, na Jumatatu nikaajiriwa upya. Ndege wale hawana mwingine anayejua kuwakusanyia maoni.

Saa nne akaja Mama Sihaba. Alitazama miguu yangu mitupu. Nilikuwa nimemwambia yote, na hakuanguka na birika kama alivyoahidi, ila alilishika kwa mikono miwili. Akainua birika dogo.

"Umerudi kwenye rangi?"

"Nimerudi, Mama."

"Na ng'ombe wako?"

"Nilimkamua wiki saba, akakimbia."

Akacheka mpaka mfuniko ukaruka. Akanitilia sukari vijiko vinne bila kuangalia orodha. Tunduni, pale dirishani, yule mdogo alikuwa amelishika neno la baba yake, amelikosea, na anaendelea nalo kwa sauti kubwa.

Hadithi yangu inaishia kikombeni. Mkiiona tamu, ni sukari ya Mama Sihaba. Mkiiona chungu, majani ni yangu, na safari hii sikungoja kuulizwa.